Picha Isiyo na Mwenyewe

Kundi letu la picha la kwenye simu lilikuwa na watu thelathini na kitu, wote wa Afrika Mashariki pamoja na majirani zetu wa Kongo, na wote tulikuwa Guangzhou, Uchina, kwa sababu zisizohusiana kabisa na picha. Kulikuwa na wanafunzi wa ufadhili, mawakala wa mizigo, na watu kama mimi, wanunuzi wa nguo pale mtaa wa Zhanqian Lu, tunaoamka na karatasi ya saizi na rangi mkononi na kulala tukiota suruali. Lakini Jumapili, ibada ikishaisha na wali ukishaliwa, tulikuwa wapiga picha. Ungeniuliza kazi yangu saa hiyo, nguo ningezikana mara tatu kabla jogoo hajawika.

Utaratibu wetu ulikuwa mmoja, na ulikuwa mkali. Hakuna aliyeweka picha yake mwenyewe kundini. Unamtumia msimamizi kwa siri, naye saa kumi jioni anaweka moja, bila jina. Tunaijadili saa nzima. Mwenye picha haruhusiwi kujitetea, ila anaruhusiwa kuisema vibaya yeye mwenyewe ili asishtukiwe, na wengi walifanya hivyo, tena kwa ufundi. Ikifika saa kumi na moja msimamizi anaandika, "Mwenyewe ajitokeze," na mwenyewe anajitokeza.

Msimamizi alikuwa Mkongo, mtu mzima mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Xiaobei, na sheria hiyo aliitunga yeye. "Ukijua ni ya nani, mon frère, ndugu yangu, unaangalia mtu. Picha huioni tena." Alisema hivyo kila alipoingia mtu mpya, na sisi wa zamani tulikuwa tukiitikia kama kiitikio cha wimbo.

Mimi nilikuwa nyota wa saa hiyo. Si kwa picha. Picha zangu zilikuwa za wastani, na huo wastani wenyewe nimeupandisha kidogo. Nilikuwa nyota wa maoni. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, Tabora, nina miaka ishirini na sita, nikifika darasani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akizisoma insha zangu kwa sauti, na watu waliokuwa wameshalalia madawati wanainua vichwa. Tangu hapo sijaweza kukaa penye watu wengi bila kuona kwamba ni wajibu wangu kuwaamsha. Picha ya machweo niliiambia imeiva kupita kiasi, iepuliwe. Kwa picha ya daraja lililopinda nikaomba msaada wa mafundi kutoka mikoa yote. Mwanafunzi mmoja Mkenya, kijana anayesomea uhandisi, aliwahi kuniandikia kwamba yeye akifungua kundi husoma maoni yangu kwanza, ndipo apande juu kuiona picha yenyewe. Ujumbe huo niliupokea kama shahada. Sikujiuliza picha yenyewe inajisikiaje.

Sasa, kulikuwa na dada mmoja.

Tulikutana ndani ya basi la kwenda Shiling, ule mji wa ngozi ambako hata hewa inanuka mkoba mpya. Mimi nilikuwa nimetumwa mikanda. Yeye alikuwa mnunuzi wa mikoba ya kike, mwenyeji wa Songea, mwaka wa sita huku. Shingoni alikuwa na kamera kuukuu aliyoinunua kwenye jengo moja mjini linalouza kamera zilizotumika, ghorofa ya tatu, kwa mzee asiyetabasamu. Nikamuuliza kama hiyo kamera inapiga picha au imestaafu.

"Ukinyamaza inapiga," akasema.

Nikacheka hadi dereva akatazama kwenye kioo chake. Tukawa marafiki. Kila Alhamisi tulipanda basi hilo pamoja, yeye kiti cha njiani, mimi dirishani, kwa sababu mimi hulala na dirisha ni mto.

Ni yeye aliyenifundisha kupiga picha. Alinipeleka mtaa wa Yide Lu, katikati ya magunia ya uyoga mkavu na maduka ya wanasesere, akanisimamisha pembeni ya ngazi moja. "Usipige mpaka mtu wa tatu apite," akasema. "Wa kwanza anakuona. Wa pili anakuogopa. Wa tatu hana habari na wewe." Nilisimama pale kama mlingoti. Nikapiga wa kwanza. Akaniambia nirudie. Nikapiga wa pili. Siku hiyo tulisimama, nisikudanganye, karibu majira mawili ya mwaka, na niliporudi nyumbani nilikuwa na picha moja tu nzuri: mwanamke amebeba dubu wa manyoya mkubwa kuliko yeye, uso wa dubu ndio unaotazama njia. Kundi liliipenda. Nilipojitokeza saa kumi na moja nilipata kopa za mapenzi kama bibi harusi, na sikutaja aliyenifundisha.

Yeye alikuwemo kundini pia, lakini hakuwahi kutuma kitu. Mwaka mzima nilimsukuma. Alikuwa amenionyesha baadhi ya picha zake kwenye kioo kidogo cha kamera, nyuso za wafanyakazi wa viwanda vya ngozi wakila chakula cha mchana, zenye rangi zinazokaribia kunukia, na niliona wazi kwamba kati yetu wote yeye peke yake ndiye aliyekuwa mpiga picha. Sisi tulikuwa watu wenye simu.

"Tuma, dada," nilimwambia Alhamisi moja. "Unamwekea nani?"

"Nikituma nitatuma moja tu," akasema. "Wakiiona, kazi hii nitaifanya mpaka nizeeke, hata kama mikoba itaningoja. Wasipoiona, kamera nairudisha kwa laoban, mwenye duka aliyeniuzia, nibaki na mikoba. Nimechoka kukaa katikati, kaka. Naamka naiwaza, nalala naiwaza, mteja ananipigia nimesahau hata zipu ya rangi gani alitaka."

"Wataiona. Na mimi si nipo?"

"Wewe ndiye ninayekuogopa."

Alisema akitabasamu, nami nikaichukua kama sifa. Nikamwapia kwamba siku akituma, picha yake nitaitambua hata nikifungwa kitambaa machoni.

Basi ikaja ile miezi ya baada ya sikukuu yao ya mwaka mpya, kuta za Guangzhou zinapotoka jasho. Asiyeijua hali hiyo ataniona mwongo, lakini hapa sijaongeza hata chumvi ya kidole: sakafu inalowa bila mtu kumwaga maji, nguo zinakaa kwenye kamba wiki nzima, vioo vya mabasi vinakuwa na ukungu kwa ndani na kwa nje. Jumapili moja ya majira hayo, saa kumi kamili, msimamizi akaweka picha.

Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kioo chenye ukungu, katikati yake mahali palipofutwa kwa kiganja, na ndani ya hapo palipofutwa sura ya mtu iliyovimbavimba, haijatulia, kama imechorwa kwa uji. Nyuma yake vivuli.

Nikajua papo hapo ni ya nani. Yule Mkenya alikuwa ametuletea vioo vyenye mvua mfululizo, vyote vyeusi na vyeupe, na wiki mbili kabla alikuwa ameandika chini ya picha yangu ya mkokoteni: "Iko poa buda, lakini inakaa tangazo ya mkokoteni." Maneno hayo nilikuwa nimeyalalia wiki mbili kama kuku wa mayai. Nikavuta kiti. Nikaandika:

"Ndugu zangu, huyu aliyemo kwenye kioo ni binadamu, au ni mkate wa juzi uliosahauliwa kwenye mfuko wa nailoni? Nimemkodolea mpaka miwani imeomba likizo. Kioo kinahitaji kitambaa, mkate unahitaji maziko, na mpiga picha anahitaji kazi nyingine."

Mtandao tunaotumia huku unampa mtu dakika mbili za kujuta. Ndani ya hizo mbili unaweza kuurudisha ujumbe wako. Zikipita, ni wa dunia. Dakika zangu mbili nilizitumia kuhesabu nyuso zinazocheka. Zilifika ishirini na moja.

Mkenya mwenyewe akaandika, "Hiyo si mkate, ni mandazi ya kibanda." Nikasema moyoni, huyu anajificha, anaisema vibaya picha yake ili tusimshtukie, nikazidisha. Nikaomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu mkate. Nikauliza msiba uko wapi, tulete chai. Watu wakaongezea yao. Mtu mmoja akaikata ile sura, akaitengeneza stika, chini yake maandishi: MKATE WA JUZI. Kabla saa haijaisha ilikuwa imetumwa mara kumi.

Katikati ya vicheko hivyo msimamizi, ambaye ndiye peke yake aliyejua, aliandika, "Itazameni tena, tafadhali." Baada ya muda akaandika tena vilevile. Msimamizi hakuwa na desturi ya kusema kitu katika saa ile. Niliona, nikapita.

Saa kumi na moja: "Mwenyewe ajitokeze."

Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kumpokea Mkenya, nimeushikilia tu chini ya kidole.

"Ni yangu," akaandika yule dada. "Asanteni kwa maoni."

Mkenya akaandika, "Woi."

Ndipo nikapanda juu kuitazama picha. Naweza kusema kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza, maana saa nzima nilikuwa nimeangalia maandishi yangu. Niliikuza kwa vidole. Nikaona ukingo wa kiti cha basi. Nikaona mkanda wa mkoba. Nikaona kwamba ile sura ni ya mtu aliyelala ameegemea dirisha, inaakisiwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, na kifuani pake kuna karatasi iliyokunjwa mara mbili inayokaribia kuanguka. Karatasi ya saizi na rangi. Kofia aliyovaa ilikuwa yangu. Nje ya kioo walikuwa wanapita wachukuzi wa ngozi. Wawili walikuwa wameshapita, wameyeyuka pembeni, na wa tatu alikuwa amefika palepale, robota lake la ngozi limekaa juu ya kichwa changu kwenye kioo kana kwamba ni mimi niliyelibeba usingizini.

Sijui basi lilisimama muda gani kwenye kituo kile. Sijui aliikalia hiyo picha Alhamisi ngapi. Mimi nilikuwa nimelala.

Niliandika msamaha kundini. Nilitaka uwe mbele ya watu, kwa kuwa kosa lilikuwa mbele ya watu. Niliandika kwa dakika arobaini, nikasema nimekosa, nikasema picha ile ni bora kuliko zote tulizowahi kuwekewa, nikaeleza wachukuzi watatu na karatasi na robota, nikasema mkate ni mimi, kwa maana halisi, sura ile ni yangu. Nikatuma.

Wakacheka. Nyuso zinazocheka zikamiminika kuliko mara ya kwanza. "Insha imeanza," mmoja akaandika. "Mkate umefufuka," akaandika mwingine, na chini yake ile stika. Sikuwalaumu, na siwalaumu sasa. Miaka mitatu nilikuwa nimewazoesha kwamba jina langu likitokea, ni wakati wa kucheka. Sikuwa na namna nyingine ya kuandika ambayo wangeitambua. Nikaandika, "Nasema kweli, jamani." Hiyo ndiyo iliyowavunja mbavu kabisa.

Nikampigia simu. "Nipo kwenye mizigo, kaka," akasema kwa sauti yake ya kila siku. "Tutaongea."

Jumanne nilikwenda kwake. Alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye jengo la Wachina tu, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na nusu ya chumba ilikuwa maboksi. Nilimkuta amepiga magoti anafunga boksi kwa utepe wa gundi, ule mlio wake wa kuchana ukijaza chumba. Akanionyesha kiti. Nilikuwa nimepeleka machungwa, kama mtu anayemtembelea mgonjwa.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umeshaomba. Nilisoma."

"Walicheka."

"Niliona." Akakata utepe kwa meno. "Na mimi nilicheka kidogo. Pale pa maziko."

Nikamuuliza kwa nini aliitoa nyeusi na nyeupe wakati yeye ni mtu wa rangi.

"Shati lako. Lile la njano. Lilikuwa linapiga kelele hata ukiwa umelala."

Tukacheka wote wawili, na kwa muda huo mfupi nilidhani mambo yamekwisha. Nikatupa macho kwenye msumari ulio karibu na mlango, mahali alipozoea kuitundika kamera. Ulikuwepo msumari tu.

"Nimeirudisha jana," akasema bila kuinua kichwa. "Nilikwambia."

"Ulisema wasipoiona."

"Hawakuiona."

"Mimi ndiye sikuiona, dada. Wao walinifuata mimi. Nilidhani ni ya yule Mkenya. Ungeniambia hata neno moja, ningenyamaza, ningewanyamazisha wote."

Akasimama, akajifuta magoti. "Ningekwambia, ungeniona mimi. Ungesifu. Sifa za namna hiyo nilikuwa nazijua, kuzipata sikuhitaji kutuma kundini." Akalisukuma boksi ukutani kwa mguu. "Nilitaka mtu aiangalie wakati hajui. Na katika hao wote, nilikuwa nakungoja wewe. Si nilikufundisha mimi?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu, hasira nina dawa zake, nimeshachekesha maofisa wa forodha wa nchi mbili. Akamenya chungwa moja, akanipa nusu. Tukala tumesimama. Kisha akaniomba nimsaidie kushusha maboksi mawili hadi chini, nikayashusha, tukaagana vizuri.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye jengo la kamera. Ghorofa ya tatu nilimkuta yule mzee asiyetabasamu anakula tambi. Nikamweleza kwa Kichina changu cha sokoni, nikachora kamera hewani, nikaonyesha urefu wa dada yule, mkanda ulivyochakaa upande wa kushoto. "Mei you," akasema, yaani haipo. Imeshakwenda. Nikamwuliza imechukuliwa na nani. Akanyanyua vijiti vyake kuelekea mlangoni, palipokuwa na dunia nzima. Akanitolea nyingine tatu, zote nzuri kuliko ile. Nilizishika moja moja. Nilimshukuru nikaondoka, na nadhani ni mara yangu ya kwanza kutoka duka la Guangzhou bila kubishania chochote.

Nikasema basi angalau picha yenyewe niipate, niichapishe kubwa, nimpelekee. Dada alikuwa amefuta kila kitu, simuni na kwenye kamera, kabla ya kuirudisha. Nikaenda kundini kuihifadhi. Na kwa kuwa siku ile sikuihifadhi, simu ikaniambia picha kamili muda wake umekwisha, haifunguki tena. Msimamizi naye alikuwa amebadilisha simu. Kilichobaki ni kile kivuli chake kidogo, ukubwa wa stempu, ambacho ukikikuza kinavunjika vipandevipande. Na ile stika. Stika iko safi kabisa. Bado inatumika. Wapo watu wapya kundini wanaoituma wakiona picha iliyotikisika, na hawajui kwamba ni kipande cha picha ya mtu, wala kwamba huyo aliyelala ni mimi. Mmoja alinitumia mimi, kwa faragha, akinishukuru kwa ucheshi wangu.

Jumapili bado tunakutana saa kumi. Siku hizi naitazama picha kwanza dakika ishirini kabla sijaandika, na mara nyingi dakika zikiisha sina la kuchekesha. Mkenya aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni shinikizo la suruali.

Dada yule hajatoka kundini. Haandiki, hatumi, ila jina lake lipo kwenye orodha, katikati, na kila Jumapili kabla sijaanza nashuka kulitafuta nione kama bado lipo.

Basi la Shiling tunapanda bado, Alhamisi kwa Alhamisi, tunaongea habari za ngozi na za nyumbani. Kwenye ukurasa wake wa biashara anaweka picha za mikoba kwa wateja wake wa Songea: mkoba mmoja juu ya shuka jeupe, kwa simu, mbele, nyuma, ndani, zipu. Mimi huzipenda zote. Pengine ni mimi peke yangu ninayebonyeza kopa. Mwezi uliopita aliweka mkoba mmoja wa kahawia, na sijui kama alikusudia, mwanga wa dirisha ulikuwa umeingia ubavuni ukaishika ile mishono ya ukingo, mmoja mmoja, hadi kwenye kishikio, na kivuli chake kimelala kwenye shuka bila mkunjo. Niliutazama muda mrefu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika upya, kwa lugha niliyoipunguza kadiri nilivyoweza: "Dada, mwanga umekaa vizuri sana hapo kwenye mshono. Ulisubiri."

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi.

"Bei ni ileile, kaka. Unachukua mingapi?"